Alama Kwenye Nguzo ya Mkongo

Watu wa kitongoji cha Mgombani, bondeni mwa mto Ruvu, walipotaka kujua maji yaliwahi kufika wapi, walikwenda kwa Bi Biubwa na kamba mkononi. Katikati ya chumba chake ilisimama nguzo nene ya mti mgumu wa mkongo, na usawa wa paja la mtu mzima palikuwa na mkato wa panga, umelala sawasawa kama mstari wa daftari. Mkato huo aliuweka mumewe, Mzee Mwishehe, mwaka wa mvua za elinino, siku maji yalipoanza kushuka na kabla tope halijakauka.

Bi Biubwa mwenyewe hakuyaona maji hayo. Mwaka ule alikuwa kwa mama yake huko Kisarawe, milimani, akiwa ndani ya arobaini ya Raudha, mwanawe wa pekee. Aliporudi bondeni alikuta kuta zimekwisha kukandikwa upya. Mwishehe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimwambia tu kwamba maji ameyatia alama nguzoni, ndani ya ukuta, kisha akaenda shambani kuutazama mpunga uliobaki. Bi Biubwa hakuuliza zaidi. Udongo ulikwisha kuifunika alama, na miaka ikapita juu yake.

Aliiona kwa mara ya kwanza miaka minane iliyopita, nyumba ile ilipochoka na kuanguka. Wakati huo Mwishehe alikuwa amekwisha kupigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umekufa pamoja nao. Wazee wengine walioyaona maji ya elinino walikuwa wamehama au wamezikwa, na waliobaki Mgombani wengi wao walikuja baadaye, wakifuata mpunga. Nguzo ilipotolewa kwenye kifusi na kulazwa uani, udongo ulibanduka na mkato ukaonekana. Bi Biubwa aliupangusa kwa upindo wa kanga.

"Alama ya Mzee hii," akasema. "Nguzo hii isitupwe."

Jabiri, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa fundi. Aliigonga nguzo kwa nyundo kuanzia juu mpaka chini, akafika mahali sauti ikabadilika.

"Mama mdogo, huku chini pameoza. Pote palipokuwa pamezikwa. Nikate?"

"Kata. Ila usiguse palipo pazima."

"Nyumba itakuwa fupi."

"Na mrefu hapa ni nani, mimi au wewe?"

Jabiri alicheka, akashika msumeno. Bi Biubwa alishikilia ule upande uliooza ili usiyumbe, na kipande kilipokatika kilimwangukia mikononi, kizito, urefu wa dhiraa moja na nusu. Nje kilikuwa kimeliwa, lakini kiini chake kilikuwa bado kigumu. Alikataa kukitupa. Alikiviringisha hadi jikoni, akakilaza kando ya mafiga, na tangu siku hiyo kikawa kigogo chake cha kukalia.

Shimo jipya lilichimbwa kwa kina kile kile cha zamani na nguzo ikasimamishwa. Sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa sasa jikoni, na sehemu iliyokuwa juu ya ardhi ndiyo iliyozikwa. Hakuna aliyelifikiri jambo hilo. Jabiri alikuwa na haraka ya kupaua kabla ya masika, na Bi Biubwa alikuwa na mgonjwa aliyelala chini ya turubai.

Mwaka uliofuata alikuja afisa mmoja, mama mpole mwenye viatu vya mvua, akawakusanya watu kwenye shule ya mwinukoni na kuwafundisha namna kaya inavyojiandaa na mafuriko. Itafuteni alama ya maji ya juu kabisa mnayoyajua, aliwaambia. Juu yake ongezeni shibiri moja. Hapo pawe na mbegu, vyeti, dawa, na kila asiyeweza kukimbia.

Bi Biubwa alitekeleza yote kama alivyoambiwa. Alijenga uchaga wa mbegu na kuutegemeza ukutani. Vyeti alivitia ndani ya dumu lenye mfuniko wa kubana. Kitanda cha Mwishehe alikiinua kwa matofali ya kuchoma, akakisogeza mpaka kikagusa nguzo, akapima kwa kiganja chake mwenyewe: shibiri moja juu ya alama, si pungufu. Afisa alipopita nyumba kwa nyumba aliipiga picha nyumba hiyo na kusema ndiyo ya mfano. Kaya kumi na moja, ya jirani Wilhelmina ikiwamo, zilichukua kipimo kutoka kwenye nguzo ile.

"Shikamoo, Bi Biubwa," alibisha hodi Hussen, jirani yake. "Nimekuja kupimwa maji."

"Marahaba. Wewe ni wa kupimwa akili. Kamba iko wapi?"

"Nimeisahau."

"Si nilisema?"

Mtu mmoja tu hakuifurahia alama hiyo. Kila jioni, Bi Biubwa alipomketisha Mwishehe na kumwegemeza nguzoni, mzee aliugusa mkato kwa mkono wa kushoto, kisha akaunyanyua mkono taratibu mpaka kwenye msumari uliotundikiwa kofia yake, dhiraa moja na nusu juu zaidi. Hapo aliugonga mti kwa vidole. Bi Biubwa alimtungulia kofia na kumvisha. Mzee aliivua na kuitupa chini, akaugonga tena msumari, na machozi yakamtoka.

"Kofia unaitaka, ukipewa unaitupa," alimlalamikia, huku akiinama kuiokota. "Ndiyo mambo gani, Baba Raudha?"

Alikuwa ameambiwa kwamba wagonjwa wa aina hiyo hulia bila sababu.

Masika ya juzi mvua ilinyesha Morogoro, mto unakotoka, kwa siku nyingi mfululizo. Raudha, ambaye sasa ameolewa huko huko Kisarawe, alipiga simu asubuhi.

"Mama, mleteni Baba huku mlimani. Nitawatafutia gari."

"Baba yako akipakiwa garini anatapika njia nzima. Hapa tuko juu ya alama."

"Mama!"

"Juu ya alama, Raudha. Na shibiri moja."

Maji yalifika saa nne, jua likiwaka. Bondeni hapakuwa na tone la mvua. Mto ulitandaa tu mashambani bila kelele, rangi ya chai ya maziwa, ukaingia uani na kuzima moto wa mafiga. Ulipofika magotini, Hussen na mdogo wake Mudathir walitokea wakiburuta mlango waliounyofoa kwenye nyumba yao.

"Bi Biubwa, tumlaze Mzee hapa tumpeleke shuleni."

Aliutazama mlango ule. Aliyatazama maji, kisha alama. Maji yalikuwa bado chini yake. Aliliwazia pafu la mumewe, bovu tangu apigwe na kiharusi, na safari ndefu ndani ya maji baridi.

"Mzee yuko juu ya alama," alisema. "Mchukueni kwanza mama yake Wilhelmina. Nyonga yake imevunjika, na kitanda chake hakijainuliwa."

"Una hakika?"

"Alama si hii hapa? Nendeni."

Walikwenda. Bi Biubwa aliketi kitandani kando ya mumewe, akatazama. Maji yalipanda polepole mpaka kwenye mkato, yakasimama hapo kwa muda aliodhani ndio mwisho wake. Alisema alhamdulillahi. Kisha mkato ukazama.

Maji yalipolowesha godoro, alimketisha Mwishehe, akamfunga nguzoni kwa kanga mbili ili asiteleze, akajibana kando yake na kumkumbatia. Uchaga wa mbegu ulianguka. Ukuta wa magharibi uliporomoka kama sukari, na mwanga wa mchana ukaingia chumbani, mwingi na mzuri. Maji yalimfika mzee kiunoni, yakamfika kifuani, na hapo yakatulia, chini kidogo ya msumari wa kofia. Mwishehe alitetemeka tangu adhuhuri hadi alasiri. Kila mara aliunyanyua mkono wa kushoto, akaugonga mti. Baadaye aliacha kuunyanyua. Baadaye tena aliacha kutetemeka, na Bi Biubwa akafurahi, akidhani amepata joto la mwili wake.

Hussen na Mudathir walirudi jua likiwa limeinama. Mama yake Wilhelmina walimfikisha shuleni, walisema, lakini katika kurudi mkondo uliwazuia, na mlango uliwapasukia. Walifungua zile kanga bila kumtazama mwanamke usoni.

Walimzika Kisarawe, kwa kuwa makaburi ya bondeni yalikuwa chini ya maji. Bi Biubwa alikaa eda kwa Raudha, akitazama vilima kupitia dirishani, na wote waliokuja kumpa pole walimwambia jambo lile lile: maji haya yamezidi ya elinino, hakuna ambaye angeyajua. Aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo yalimsaidia kulala.

Eda ilipokwisha alirudi Mgombani. Nyumba haikuwapo, lakini nguzo ilisimama peke yake, kijivu hadi kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu. Tope lilikuwa limeacha mstari wake hapo, umekauka na kupasuka. Hussen alimkuta akifukua mahali palipokuwa jiko.

"Shikamoo, Bi Biubwa. Pole tena. Ni kadari, maji haya yalizidi ya elinino."

Bi Biubwa alikuwa amekipata kigogo chake, kile kipande cha nguzo. Alikitoa topeni kwa mikono yote miwili, akakiosha kwa maji ya dimbwi, akakibeba mpaka kwenye nguzo. Alikisimamisha, mwisho wake mmoja juu ya alama ya Mwishehe, akakibana kwa bega. Mwisho wa pili uliishia kwenye mstari wa tope. Haukupungua, haukuzidi hata unene wa kidole.

Hussen alitazama kigogo, akatazama nguzo, akavua kofia yake.

"Yalikuwa yale yale," Bi Biubwa alisema.

"Mama, usijitie..."

"Wewe ulikuja kumbeba." Sauti yake haikupanda. "Kila siku alikuwa akinionyesha. Mimi nikampa kofia."

Alikiweka kigogo chini. Aliomba panga, na Hussen akampa. Aliikata alama mpya kwenye mstari wa tope, chini kidogo ya msumari, taratibu, akirudia mpaka mkato ulipolala sawasawa. Kisha aliifuta ile ya zamani kwa kuchonga mti mpaka pakawa peupe.

"Mwambie Wilhelmina aje na kamba yake," alisema. "Waambie wote kumi na mmoja, leo, kabla hawajajenga."

"Nitawaambia wanakuja kusikia nini?"

Bi Biubwa alimrudishia panga, akaketi juu ya kigogo.

"Kwamba nguzo niliikata."