Kisiwa cha Mama wa Omena

Mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye kona yetu hapa Kisumu Ndogo ana vidole visivyomngoja. Hata akitazama kwingine, vinachambua, vinatoa changarawe, vinatupa. Binti yake Whitney alipofariki, kila mteja alimwambia pole, na kila aliyesema pole alimiminiwa nyongeza haraka ili aondoke. Nyongeza zikawa nyingi kuliko mauzo. Mwishowe akafunga meza, akasafiri hadi ziwani, akamwomba mvuvi mmoja amshushe na unga wake kwenye kisiwa kisicho na mtu, mawe na ndege tu, amrudie baada ya mwezi.

Alirudi amekonda, jua limemchoma, sauti imeshuka kama ya mtu aliye matangani. Mimi ni jirani yake, mabati tu ndiyo yanatutenganisha, kwa hivyo nilithubutu kumuuliza kama huko alipumzika.

"Jioni ya kwanza nilisonga ugali," akasema, vidole vikiendelea na omena. "Kuja kukata, nakuta nimepika wa watu wawili. Kesho yake, hivyo hivyo. Nikajua hata huko sitawahi kuwa peke yangu."

Siku hizi ugali wake ukiiva, anagonga mabati kwa mwiko, mara mbili. Naingia, naketi kwenye stuli iliyo karibu na jiko, ananikatia kipande cha pili, tunakula. Najua kipande kile ni cha nani. Nakimaliza chote, na simwambii pole.