Mpini wa Randa ya Mzee Bwanausi

Kiharusi kilipompiga Mzee Bwanausi na kumwachia upande mmoja tu wa mwili, karakana yake ya useremala pale Zinga ilifungwa miezi mitatu. Mwezi wa nne bintiye Mwaija akautungua ufunguo msumarini, akaingia kazini.

Hakuna aliyemruhusu, wala aliyemkataza. Mzee alikuwa amemfundisha kazi mwanawe wa kiume, Najim, ambaye aliishia kuendesha malori Chalinze. Mwaija alijifunza kwa kuchungulia. Alianza na vigoda, akaja kwenye vitanda, na mwaka huu Maalim Abdulnasir akamwagiza mlango wa madrasa. Mlango wa mninga, uwe umesimama kabla ya maulidi ya Ijumaa.

Jumatatu umeme ukakatika. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu mno, na randa ya umeme aliyoiazima ikafuka moshi, ikazima kabisa. Mbao sita zilikuwa zinangoja kulainishwa. Akiba ya kuitengeneza hakuwa nayo.

Chini ya meza ya kazi kulikuwa na kasha, na ndani yake randa ya mkono ya baba yake, ya chuma, nzito. Utotoni Mwaija aliwahi kuigusa mara moja, akapigwa kofi ambalo analikumbuka hadi leo. Sasa akaitoa. Bati la paa lilikuwa linavuja, na kutu ilikuwa imeila randa mpaka skrubu hazionekani. Akailoweka mafuta ya taa, akaisugua kwa msasa, akakitoa kisu na kukinoa juu ya jiwe mpaka jioni.

Jumanne asubuhi akaijaribu. Mpini ulikuwa wa mpingo, Mzee aliuchonga mwenyewe ujanani kwa kipimo cha kiganja chake kipana. Vidole vya Mwaija havikuuzunguka. Alipoisukuma randa, mkono ukateleza, randa ikaruka na kung'oa kipande katikati ya ubao. Akajaribu ubao wa pili taratibu zaidi, ngozi ya kiganja ikachubuka na ubao ukapata mkwaruzo mrefu. Wa kwanza haukufaa tena kwa uso wa mlango. Wa pili ungeokoka, kama ungepigwa randa sawasawa.

Akaufungua mpini, akaubana kwenye jiliwa, akachukua msumeno.

Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa anapita na ndoo. "Mwaija! Unataka kufanya nini?"

"Kuupunguza, mama."

"Mpini wa baba yako? Mwanangu, usinitie mashakani. Ngoja kwanza nikamwambie."

"Ukimwambia atakataa, na Ijumaa haingoji."

Akaweka meno ya msumeno juu ya mpingo. Alikuwa amekwishakata nusu aliposikia mkongojo ukigonga sakafu. Mzee alikuwa mlangoni, mdomo umepinda, macho yameganda kwenye jiliwa. Bi Zuhura akatua ndoo.

"Shikamoo, baba," Mwaija alisema. Mzee akaegemea mwimo wa mlango.

"Wacha," alisema hatimaye. Neno hilo moja lilimchosha.

Mwaija angeweza kuacha. Alitazama mkato, mweusi, wa kina. Hata angeacha, mpini usingerudi kama ulivyokuwa.

"Baba, mimi ndiye ninayefanya kazi humu sasa," akasema. "Kiganja changu ni hiki. Nisamehe." Akaendelea kukata. Kila alipovuta msumeno alitazamia mkongojo umshukie mgongoni. Kipande kilipoanguka, Mzee alikuwa amekwishageuka, anaburuta mguu kurudi ndani.

Siku hiyo hakula chakula alichopika Mwaija, wala kesho yake. Mwaija alichonga mpini kwa tupa, akiukamata na kuuachia, akipunguza pale kidole gumba kinapobana, mpaka ukakaa mkononi bila kulazimishwa. Akaupaka mafuta ya nazi. Ubao wa kwanza akaukatakata uwe vipande vya fremu, na mahali pake akaweka ubao aliokuwa ameutunza kwa kabati lake mwenyewe.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, zikiwa zimebaki mbao mbili, mkongojo ukasikika tena. Mzee akajikokota hadi kwenye kigoda, akaketi, akanyoosha mkono wa kushoto. Mwaija akampa randa. Mzee hakuutazama mpini. Aliigeuza, akapitisha kidole polepole tumboni mwa chuma.

"Kisu," alisema. "Kimetoka... mno."

Mwaija akakirudisha ndani kwa nyundo ndogo. Akasukuma. Randa ikapita ubao mzima bila kukwama, na maranda yakatoka membamba kama karatasi.

"Tena," alisema Mzee.

Alikaa pale mpaka alasiri. Neno la kumsifu hakulitoa, wala la kumsamehe, na Mwaija hakuthubutu kuuliza. Mlango ulisimamishwa Ijumaa asubuhi, gundi ikiwa bado mbichi kwenye pembe moja, na Maalim akaonywa asiubamize.

Usiku ule Mzee alikula. Jumamosi alimwita Mwaija, akataka aletewe jiwe la kunolea, na tangu hapo kunoa ni kazi yake, kwa mkono mmoja, kisu kimebanwa gotini. Bi Zuhura anasema huwa anaanza kabla chai haijachemka, na hapendi kusemeshwa.