Mama Hakupanda Ndege

Nitakachokueleza kimenitokea mimi mwenyewe. Sikusimuliwa, sikuota, na sikuwa na homa. Nasema hivi mapema kwa sababu nawajua watu. Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alinishika paji la uso kuangalia kama nachemka. Wewe nisikilize kwanza, kisha uamini utakavyo. Mimi mwenyewe ningefurahi sana kama ungekuwa uongo.

Mimi ni mtu wa Unguja, na nasoma Poland, uhandisi wa maji. Usisikie Ulaya ukadhani ni raha. Kwenye picha utaniona nimesimama mbele ya majumba ya kale na koti refu. Hutaniona nikigombania jiko la hosteli, wala nikipika wali kwa nazi ya unga niliyoifuata duka la Wavietnam upande wa pili wa mji, wali wenyewe ukatoka mashendea, majimaji kama uji. Likizo fupi nilipanda mabasi na wenzangu tukaenda Prague, tukaenda Berlin, tukalala vyumba vya watu kumi kumi wanaokoroma kwa lugha zote. Na kote huko Mama alikuwa nami mfukoni. Nikiwa kwenye tramu namtumia ujumbe wa sauti, naye ananijibu kwa hotuba ndefu, nyuma jogoo wanawika na mdogo wangu Salma anaambiwa aangalie maharage yasiungue.

Mama alikuwa na jambo moja: hapandi ndege. Shangazi Rukia, dada wa marehemu baba yangu, ameolewa Dubai tangu usichana wake, na alimwita Mama mara nyingi aje atembee. Jibu lilikuwa lile lile. "Mimi kwenye ndege hamnipandishi, labda niwe maiti." Tulikuwa tukicheka.

Ulipofika msimu wa mitihani, Mama akaanza kuadimika. Nikipiga simu anapokea Salma. Mama kalala. Mama yuko kwa jirani. Simu ya Mama imeingia maji. Nikaanza kulalamika, na kesho yake ukaja ujumbe, sauti yake kabisa: "Baridi hiyo mwanangu, vaa sweta mbili, usijione kijana." Ilikuwa mwezi wa Juni na nimevaa kaptura. Nikacheka peke yangu kwenye tramu, nikamjibu, "Mama, huku sasa tunaiva kwa joto." Hilo hakulijibu.

Kabla ya hapo alikuwa ameniagiza kitu kimoja tu: chupa ya chai kutoka Dubai, ile kubwa yenye mkono, isiyovuja. Alisema ya nyumbani inamtia aibu mbele ya wageni. Kwa hiyo kaka yangu Suleiman aliponipangia safari ya kurudi nyumbani nipite Dubai, nilale siku mbili kwa Shangazi, nilifurahi. Alisema Shangazi ana mzigo wa kunipa.

Nyumba ya Shangazi iko Rashidiya. Alinikumbatia mlangoni mpaka mbavu zikaniuma. Televisheni, ambayo kwa Shangazi hulala mwisho kuliko watu wote, ilikuwa imezimwa. Majirani wakaja, akina mama wa Kiunguja wa pale pale, wakanishika mkono na kukataa kuuachia. "Pole, mwanangu. Pole na safari." Safari ya saa chache kwa ndege, pole zote hizo za nini? Nikadhani ni kwa vile nimekonda. Nikitaka kupiga simu nyumbani, Shangazi anasema mtandao mbovu. Mtandao mbovu, Dubai. Hilo peke yake lingenitosha, lakini mtu aliyetoka kwenye mitihani ana akili gani?

Alasiri nikasema nakwenda Deira kununua chupa ya Mama. Shangazi akaliweka chini bakuli alilokuwa amelishika.

"Leo usitoke, baba. Ami yako Nassor anakuja baada ya Isha, tuna mazungumzo."

"Nitarudi kabla ya Isha, Shangazi."

"Chupa ya nini tena sasa?" akasema, kisha akageuka upesi kuelekea jikoni.

Nikapanda metro. Deira unaijua kama umewahi kufika: maduka ya jumla yamebanana, masanduku ya mizigo mpaka barabarani, na ule unyevunyevu wa kiangazi unaokulowesha shati kabla hujavuka njia. Chupa nikaipata, nyeupe yenye maua ya samawati. Nikamfanya mwenye duka aijaze maji nikaigeuza juu chini mbele yake. Haikuvuja hata tone. Ilikuwa karibu na magharibi nilipotoka, na mlinzi wa jengo lile, kijana wa Kikenya, akanisimamisha.

"Bosi, samahani. Wewe ndio yule kijana wa Zanzibar anasoma Ulaya?"

"Ndiye. Umejuaje?"

"Kuna mathe ako hapo kwa kibanda cha basi anakungoja. Ameketi tangu mchana. Basi zinapita hapandi. Nimempelekea maji, hata hajaguza."

Nikatazama ng'ambo. Vile vibanda vya basi vya Dubai ni vya vioo, na ndani kuna kiyoyozi. Mle ndani, peke yake, alikuwa amekaa Mama.

Niamini, sikuogopa. Kinyume chake. Katika nukta ile kila kitu kilijipanga kichwani: simu zisizopokelewa, televisheni iliyozimwa, mazungumzo baada ya Isha. Kumbe hili ndilo walilokuwa wakinificha. Wamemleta Mama Dubai kunishtukiza. Nilivuka barabara bila kutazama magari, nacheka, na machozi yananitoka. Tangu nizaliwe sijapata furaha kama ile, na ndiyo maana naogopa furaha mpaka leo.

Alikuwa amejitanda kanga yake ya nyumbani, ile ya korosho za kijani iliyochujuka. Nikamwamkia, nikaubusu mkono wake. Ulikuwa wa baridi. Nikalaumu kiyoyozi. Alikuwa na harufu ambayo niliifahamu, lakini sikuweza kukumbuka niliinusa wapi.

"Umepanda ndege, Mama?"

"Sikupanda," akasema, na akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Umekuja na nini sasa, punda?"

Alinitazama kwa muda mrefu, uso, mabega, viatu. "Umekonda. Umekula?"

"Nimekula kwa Shangazi. Miguu yako je?" Maana Mama alikuwa na miguu inayovimba. Nikaitazama. Ilikuwa myembamba, mizuri, kama ya kwenye picha yake ya arusi.

"Imepona. Mitihani umemaliza?"

"Nimemaliza. Majibu bado."

"Basi. Nilikuwa nasubiri umalize."

Nikampa chupa. Akaipakata, akafungua kifuniko, akafunga, akafungua tena. "Nzuri," akasema. "Wageni watakuwa wengi."

"Wageni gani?"

"Wanakuja." Kisha akasema maneno ambayo sikuyaelewa wakati ule, na sasa sipati usingizi kwa kuyaelewa. "Ndugu zako usiwakasirikie. Wamefanya kwa mapenzi. Mimi nimeagana na wote, nimebaki na wewe tu. Basi tuagane, mwanangu."

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Tuagane wakati ndiyo kwanza nimekuona? Tutaagana nyumbani, Mama. Kaa hapa nikusimamishie teksi."

Akaninyooshea mkono. Nikadhani anataka nimsaidie kusimama, nikamwambia asijisumbue, mpaka gari ije. Nikatoka. Adhana ya magharibi ilikuwa ikianza. Nikapunga mkono, teksi ikaja, nikageuka kumwita. Kibanda kilikuwa kitupu. Chupa ilikuwa juu ya benchi, kifuniko wazi, na pembeni yake chupa ndogo ya maji ya yule mlinzi, haijafunguliwa.

Kibanda kile kina mlango mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikazunguka nyuma. Nikatazama juu na chini ya barabara. Yule mlinzi akaja mbio.

"Mathe ameenda wapi?" akaniuliza yeye.

"Hukumwona akitoka?"

"Hakuna mtu ametoka hapo. Mimi nilikuwa nawaangalia tu, nikimkumbuka wangu." Akakitazama kile kibanda, kisha akasema polepole, "Bosi, rudi nyumbani. Usibaki hapa."

Hata hapo bado nilikuwa na ukaidi wa kutumaini. Nikajiambia kuna mtu wa Shangazi aliyemfuata kwa gari, mchezo bado unaendelea. Nikaingia Rashidiya Isha imeshapita, chupa kwapani. Sebuleni walikuwa wamekaa: Shangazi, mumewe Ami Nassor, na wale majirani. Nikauliza kwa furaha, "Mama keshafika?"

Shangazi alisimama, akakaa tena. "Mama gani, baba?"

"Mama yangu. Nimemwona Deira. Nimeongea naye. Mnanificha nini tena?"

Hapo Shangazi akapiga ukelele ambao nitausikia mpaka naingia kaburini. Ami Nassor ndiye aliyekuja kunishika mabega, na ndiye aliyesema. Mama alifariki usiku mmoja kwa shinikizo la damu, wiki ile ile nilipoanza mitihani. Alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Mimi wakati huo nilikuwa maktaba, nakariri hesabu za mabomba.

Kwetu habari nzito haisemwi kwa simu. Mtu aliye mbali hafiwi mpaka afike penye mikono ya kumshika, tena mwanafunzi ndiyo kabisa, maana atafeli, na marehemu alitaka asome. Kaka Suleiman aliamua, wote wakakubali, na Shangazi akapewa kazi ya kuniambia ana kwa ana. Alikuwa akiniambia nile kwanza, nipumzike kwanza, kwa sababu moyo wake ulikuwa haumpi. Sikuweza kumkasirikia. Mama alikuwa ameshanikataza.

Shangazi alipopata nguvu akaniuliza, kwa sauti ya chini, Mama alikuwa amevaa nini. Nikamwambia kanga ya korosho za kijani. Akapiga simu Unguja kwa Salma. Kanga ile ndiyo aliyofia nayo, na waosha maiti walishapewa, kama ilivyo desturi. Na ile harufu nikaikumbuka pale pale. Nilikuwa nimeinusa utotoni, siku waliyomtoa baba ndani. Karafuu maiti.

Nilifika Unguja nikapelekwa kaburini, nikasimama mbele ya udongo ambao ulikuwa umeshakauka. Wenzangu walikuwa wameshalia wakamaliza, wanaanza kucheka kidogo kidogo, na mimi msiba wangu ndiyo kwanza mbichi. Siku ya arobaini watu walijaa mpaka barazani. Chai ilimiminwa kutoka kwenye chupa nyeupe yenye maua ya samawati, na haikuvuja mezani hata tone.

Salma alinieleza habari ya zile sauti za Mama zilizokuwa zikinijia wakati wa mitihani. Alikuwa akikaa na simu ya Mama, anasikiliza moja moja zile ambazo nilikuwa sijatumiwa, alizozirekodi Mama akazisahau, anatafuta zisizotaja siku wala tukio ili anitumie. Ile ya sweta ilimpita. Msichana mdogo vile, anaisikiliza sauti ya mama yake aliyemzika juzi, ili mimi nifaulu. Na nilifaulu. Sijui nimshukuru au nimwombe radhi.

Ami Nassor anasema niliyemwona ni jini aliyejigeuza. Huenda. Yeye ana elimu ya dini kunishinda. Lakini jini gani huyo anayekuuliza kama umekula?

Sasa niko tena Poland. Nyumbani wamechoka nami, kwa sababu kila nikipiga simu nataka niwaone nyuso, mmoja baada ya mwingine, hata wakiwa wamelala waamshwe. Nikisafiri napita Dubai makusudi. Nakwenda Deira, namsalimu yule mlinzi, tunakaa kwenye kile kibanda mabasi yakipita, na namuaga Mama kwa sauti, kama alivyotaka. Namuaga kila mara. Hajaja tena kunisikia.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto ughaibuni, likitokea la kutokea, mwambie. Atalia peke yake, ndiyo, na mtihani huenda akaurudia. Mkimficha, marehemu atakwenda kumwambia mwenyewe, na mtoto wenu hatajua kwamba anaagwa. Na wewe uliye mbali, siku ukimkuta mtu wako mahali ambapo hapaswi kuwapo, akakunyooshea mkono akasema muagane, tafadhali, usimwambie mtaagana nyumbani.