Siku Baba Alipochomoa Ufunguo

Baba yangu alikuwa navigeta wa ndege za jeshi, Tanzania, wakati wa vita vya Kagera. Rubani anarusha, yeye na ramani yake anamwambia ashike wapi. Tulipohamia Oman kazi hiyo akaihamishia garini. Ukiendesha naye utakoma! Punguza, sogea, saa ngapi sasa? Mie sina subira, kila safari tukigombana.

Mwaka juzi, asubuhi, ikaja simu kutoka hospitali mjini Sur: dada yangu kazidiwa, njooni haraka. Tulikuwa shambani Bidiya. Nikampakia baba mbio mbio. Kabla ya barabara kuu lazima ukate wadi, bonde la mawe, kavu takriban mwaka mzima, mpaka mvua ya milimani iligeuze mto ghafla. Milimani mawingu yalikuwa meusi. Nikasimama ukingoni kutia foo-wili, magurudumu yote manne yavute.

"Usivuke," akasema.

"Baba, pakavu!"

"Mvua ina saa nzima inanyesha kule. Maji yako njiani."

Akanyosha mkono, mzee wa miaka themanini na kitu, akachomoa ufunguo.

"Mwanao anakufa!" nikampigia kelele, astaghfirullah, baba yangu mzazi.

Ufunguo akautia mfukoni. Akanambia jambo ambalo hajapata kulisema: vitani aliona upepo unawapotosha, akamwambia rubani mara moja tu. Rubani, mkubwa wake kwa cheo, akamkaripia, naye akanyamaza. Wakaanguka kwenye kinamasi. Wenziwe wawili akawazika.

"Sinyamazi tena," akasema. "Dada yako yuko mikononi mwa Mungu na madaktari. Wewe uko mikononi mwangu."

Pikapu ya mbuzi ikatupita, ikavuka, dereva anatupungia mkono. Nililia kwa hasira. Tulikaa saa tatu nzima pale, nikiyaombea maji, Mungu anisamehe, yaje tu nijue tunangoja nini. Hata tone! Mwisho mawingu yalipotawanyika akanirudishia ufunguo. Sur tulifika dada keshavikwa sanda.

Nisiseme uongo, nilimchukia. Miezi mizima nikimpa chai bila ya kumtazama usoni.

Sasa akili inamtoka. Siku nyengine hata jina langu halijui. Lakini kila alasiri hunishika mkono akaniuliza, macho yamemtoka kwa hofu: "Mwanangu, maji yalikuja?"

"Yalikuja, baba," namwambia. "Wallahi yalikuja. Tungevuka yangetuchukua."