Kago kwenye Mnazi Wangu

Baba mdogo bado yuko hai na afya yake ni nzuri, kwa hivyo haya si maneno ya tanzia, wala si ya kuomba radhi. Nayaandika nikiwa sijamsamehe, na sikumbuki siku niliyojaribu.

Sisi ni watu wa Magongo, lakini kila kaskazi, joto linapofika pale ambapo huwezi kuegemea ukuta wa nyumba yako mwenyewe, ukoo mzima huhamia shambani Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Shamba liko Shika Adabu, ndani, baada ya lami kuisha. Zamani tulivuka sote kwa feri na masufuria mikononi. Siku hizi wenye magari huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, wakafika na soda zikiwa bado baridi. Baba mdogo ana gari. Mimi bado navuka kwa feri, na sioni uchungu, kwa sababu napenda kutazama watu wamebeba nini.

Mwenye shamba ni bibi, mamake marehemu baba. Siku kitovu changu kilipoanguka alikifukia karibu na kisima, na juu yake akapanda mche wa mnazi. Ndivyo wanavyofanya kwetu. Na kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine: shamba laweza kuwa la mtu huyu, na mnazi uliosimama katikati yake ukawa wa yule, na hakuna anayeshangaa. Tangu nijue kutambaa niliambiwa, ule pale uliopinda shingo ni wako.

Niliacha shule darasa la saba. Baada ya hapo sijakaa mahali pamoja. Nimekuwa taniboi wa malori, nimeosha magari kule Airport, nimechimba vyoo na visima Kisauni, nimepaka rangi nyumba za watu nisiowajua majina. Kila nilipokwenda niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, kisha nikaondoka. Sina kiwanja wala kitanda. Duniani kote kitu cha pekee ambacho ningeweza kukinyooshea kidole nikasema ni changu kilikuwa mnazi ule.

Baba mdogo ni karani bandarini na ni mzee wa kanisa. Kaskazi tatu zilizopita alianza kuja shambani na wenzake wa ofisini, wengi wao watu wa bara. Akajenga banda la makuti kando ya kisima, akapanga viti vya plastiki, akawa anapokea wageni kama kwamba bibi ni mpishi wake. Hilo nilikuwa nimelimeza. Lakini kulikuwa na tawi moja la madafu kwenye mnazi wangu, la kwanza kubwa la msimu ule, ambalo nilikuwa nikilitazama kwa wiki kadhaa. Nililiweka kwa ajili ya bibi. Jumamosi ile nilichelewa feri, nikafika adhuhuri, nikakuta makumbi yametapakaa bandani na mkwezi anakunja kamba yake.

"Nani kakwambia uangue mnazi huu?" nikamuuliza.

"Mzee kasema," akajibu, akionyesha kwa kidevu. "Mimi naambiwa panda, napanda."

Nikaenda bandani. "Shikamoo, baba mdogo. Ule mnazi ni wangu."

"Marahaba. Wako? Una cheti?"

"Cheti cha nini?"

"Cha mnazi." Akawageukia wageni. "Jamani, huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Cheti cha shule hana, lakini cha mnazi anacho!"

Walicheka. Mgeni mmoja mnene alicheka mpaka maji ya dafu langu yakamtoka puani. Mke wa baba mdogo alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, kicheko cha mtu anayejua kwamba si vizuri. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakucheka, na hakusema kitu. Kimya kile nilikiweka pamoja na vicheko.

"Bibi aliupanda juu ya kitovu changu," nikasema, na nilipojisikia sauti nikajua nimeharibu zaidi.

"Mambo ya vitovu ni ya gizani," akasema baba mdogo. "Sisi tumeokoka. Kuanzia leo minazi ya kisimani ni ya banda. Kaa, unywe dafu, usione haya."

Sikukaa.

Kesho yake Jumapili wote walikwenda kanisani, wageni na wenyeji. Bibi peke yake alibaki, maana miguu ilikuwa ikimsumbua, naye alikuwa amelala chumbani. Nilikuwa na kama saa mbili.

Kule Kisauni niliwahi kumchimbia choo mganga mmoja, na kwa siku nne nilimdadisi kutoka ndani ya shimo. Nilimuuliza hasa habari za kago, ile dawa inayofungwa kwenye mti ili mwizi asiuguse. Akaniambia watu huamini kwamba ukila matunda ya mti wenye kago tumbo linafura, na halishuki mpaka mwenye mti aje alifungue kago mwenyewe. Mwenye mti halimdhuru. Akanieleza na vitu vinavyotumika. Maneno ya kusomea alikataa kunipa, na mimi sikuyahitaji. Nilichana ukanda kwenye nguo nyekundu iliyokuwa imefunika kikapu cha unga jikoni, nikapata kombe la konokono na kipande cha kifuu, nikavipaka masizi ya sufuria, nikavifunga kwenye shina la mnazi, usawa wa kifua. Halafu nikanawa mikono, nikaketi, nikachambua mchicha kama mtoto mwema.

Walirudi na kiu. Baba mdogo akamwita mkwezi, mkwezi akaja na panga lake kiunoni, akaufikia mnazi, akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Wallahi, huu sipandi."

"Ulipanda jana," akasema baba mdogo.

"Jana haukuwa hivi. Mimi nna watoto, mzee."

"Ni takataka tu hiyo. Itoe."

"Itoe wewe. Shamba lenu."

Yule mgeni mnene akasogea, akainama kutazama. "Mzee, hii ni nini? Si jana tulikunywa ya huu mti?" Akalishika tumbo lake kwa mikono miwili. Tumbo lenyewe lilikuwa kubwa tangu alipozaliwa, lakini siku ile alilitazama kama amekabidhiwa la mtu mwingine.

Baba mdogo alinyoosha mkono. Namkumbuka vizuri: shati jeupe la kanisani, saa mkononi, vidole vimefika karibu kabisa na ile nguo nyekundu. Kisha akautia mkono mfukoni, akatoa simu, akasema anapigiwa, akaondoka akisema haloo, haloo. Simu haikuwa imelia.

Jioni nilipanda feri nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa njia nyingine yoyote. Nilifika Magongo nikicheka peke yangu barabarani.

Jumamosi iliyofuata ndipo nilipogundua upumbavu wangu. Madafu yalikuwa yamejaa juu, nikataka kupanda, nikashika shina, nikakumbuka. Kago halimdhuru mwenye mti. Basi atakayepanda na kunywa bila wasiwasi ndiye aliyelifunga. Nikipanda nimejitaja mbele ya ukoo mzima, na kwetu hakuna atakayesema ulikuwa mchezo wa nguo na masizi. Nitakuwa mchawi, mimi na watoto wangu nikipata. Nilikuwa nimewafungia wao nje nikajifungia na mimi.

Kwa hivyo tulikaa sote chini yake, kaskazi tatu. Vidaka vikawa vitale, vitale vikawa madafu, madafu yakawa koroma, koroma zikawa nazi, nazi zikaanguka zenyewe na hakuna aliyeinama kuziokota. Moja ilipasua kiti cha plastiki Jumapili mchana, dakika chache baada ya mke wa baba mdogo kusimama kwenda kuchukua chumvi. Banda likahamishwa. Wageni wakapungua, yule mnene akiwa wa kwanza kutoonekana. Baba mdogo alikuwa akiomba kabla ya chakula, sala ndefu, na kila alipofika kwenye nguvu za giza jicho lake moja lilikuwa wazi, linatazama kisimani. Nililiona kwa sababu na langu lilikuwa wazi. Nilikuwa nikila wali wa nazi za minazi mingine na kumtazama anavyokonda, nikasema moyoni, bado.

Lakini na mimi nilikuwa nikiionja adhabu ile. Mnazi wangu ulijaa makuti makavu, hakuna wa kuusafisha, na kila Jumamosi nilipita mbali nao kama wengine, nikijifanya naogopa. Kujifanya kwa miaka mitatu kunachosha.

Kaskazi hii bibi aliugua. Wiki mbili hakula ila uji, na Jumamosi moja tulikuwa tumejaa uani, ndugu na marafiki, naye ametolewa nje kwenye mkeka. Akafumbua macho.

"Nataka dafu."

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kuinuka. "Sasa hivi, mama. Mkwezi yupo."

"La mnazi wa kisimani."

Watu wakageuka, hata wale wa kwenye sufuria wakaacha kukoroga.

"Mama, madafu ni yale yale."

"Basi kaniangulie wewe."

Mkwezi alikuwa tayari anatazama ardhi. Baba mdogo alisimama pale, mikono imening'inia. Nikaona kwamba hatakwenda, hata kwa mama yake mzazi, na nikaona pia kwamba bibi hatakula tena kwa siku nyingi ikiwa hatapata alichoomba. Nikavua shati.

"Wewe, usiende!" akapiga kelele mke wa baba mdogo. Halafu akaelewa, nikamwona anaelewa, akaivuta shuka yake karibu.

Nilipanda. Nilipolipita kago niliona nguo imepauka na kombe la konokono limeingia utitiri wa sisimizi. Juu nilikata makuti makavu kwanza, yakaanguka kwa kishindo, kisha nikateremsha tawi zima kwa kamba ili lisipasuke. Nilishuka kifua kimechunika. Hakuna aliyenikaribia. Nikalifungua dafu la kwanza nikampa bibi, nikamshikia kichwa, akanywa lote. La pili nikanywa mimi, taratibu, wakinitazama tumbo. La tatu nikalifungua vizuri kuliko yote, nikalipeleka kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba mdogo."

Alijua, na watu wote uani walijua. Akinywa, basi miaka mitatu ameogopa nguo chafu, yeye mzee wa kanisa. Asipokunywa, amekubali kwamba mti una mwenyewe na mwenyewe ni mimi.

"Mimi nina sukari," akasema. "Daktari amenikataza."

"Tangu lini?" akauliza mkewe. Nadhani yalimponyoka. "Si asubuhi umetia vijiko vitatu kwenye chai?"

"Na mahamri manne," akaongeza mtu nyuma.

Nikasubiri watu watulie. Nilikuwa nimesubiri zaidi ya hapo.

"Una cheti?" nikamuuliza. "Cha daktari."

Safari hii mkwezi ndiye aliyecheka wa kwanza, kwa sauti kubwa, akashika mti asianguke. Wengine wakamfuata, hata mkewe, na sasa hakuziba mdomo. Baba mdogo alilitazama lile dafu, akatazama chini.

"Mnazi ni wako," akasema. "Haya. Nimesema. Toa kitu chako pale, watu wakae kwa amani."

Bibi alinivuta mkono, nikainama.

"Ile ilikuwa leso yangu," akaninong'oneza. "Umeichana pindo. Niliijua siku ile ile, nilikuona kutoka dirishani." Pumzi yake ilinuka dafu. Miaka mitatu alijua na akamwacha mwanawe aogope, na mimi nilikuwa nimemweka pamoja na waliocheka. "Sasa yatosha. Kalitoe."

"Naam, bibi."

Nikaenda kisimani. Nyuma yangu walikuwa wakingoja. Nikashika fundo kwa mikono miwili, mgongo nikiwa nimewapa wote, nikaliangalia. Lilikuwa limelegea kwa mvua za miaka mitatu.

Nikalikaza.