Mtaalamu wa Herufi na Kwaya ya Dani

Kuna siku moja naikumbuka kuliko fomula zote za kemia, mwanangu. Usicheke. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha nne. Kwa bweni hili mimi ni mzee, mvi tu ndizo zinangoja matokeo.

Nyanya yangu wa Ahero, tunamwita Dani, alinipa nichape wimbo mpya wa kwaya yao ya akina mama. Jumapili ilikuwa mashindano ya makanisa, na kwaya ya Katito walikuwa wamewashinda mara nyingi hadi wakaanza kuwaonea huruma. Sasa mimi nilikuwa nasoma kwa simu mwandishi mmoja wa mambo ya herufi. Jamaa anaandika kama aliyekabidhiwa amri mlimani: herufi nene ni ushamba, nyembamba ndizo ustaarabu. Wafuasi kama nzige! Mimi ni nani nibishe? Nikachapa herufi nyembamba, rangi ya kijivu, mistari imeachana vizuri.

Jumamosi kwa mazoezi, akina mama wakapeleka karatasi mbali, wakaileta karibu, wakaipeleka mbali tena, kama wapiga tromboni. Sauti ya kwanza wakaimba ubeti wa pili, sauti ya tatu wakaimba kiitikio. Mama Atieno akaimba "Amina" peke yake, kwa nguvu.

"Yawa! Nyakwara, mjukuu wangu, hii umeandika ama umepulizia?" Dani akauliza.

"Dani, ni mtaalamu amesema."

"Amesema kwa nini?"

Nikatafuta kwa simu. Hakuna. "Amesema tu ni ustaarabu."

"Na huyo bwana amewahi kuchapia wamama wazee, stima ya kanisa ikipotea?"

"Picha za kazi zake zote ni chupa za manukato."

"Basi tukiuza manukato tutamwita."

Kwaya ikacheka hadi Mama Atieno akakalia ngoma. Nilidhani yote yatatupwa. Lakini Dani akagonga karatasi kwa kidole. "Na hii nafasi kati ya mistari?"

"Ni yeye pia. Anasema jicho likirudi kuanza mstari mwingine, lisipotee."

"Hapo ana akili. Hiyo iache. Nenda unenepeshe herufi."

Jumapili wakaimba ubeti mmoja, wote, kwa wakati mmoja. Muujiza! Katito wakawa wa pili, na mpaka leo wanasema jaji ni mjomba wetu.

Basi shika haya, mwanangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hivyo usihesabu wafuasi wa mtu. Uliza sababu yake, uliza amemfanyia nani kazi, na kama huyo nani anafanana na yule unayemfanyia wewe. Akipatia moja, chukua hiyo moja. Akikosea nyingine, usimchome yeye na nyumba yake. Na nikikutuma chai kesho, niulize kwa nini. Sina sababu.

Mungu akupe macho ya Dani bila miwani ya Dani, na siku utakayokuwa mtaalamu, akuletee mama mmoja wa kukuuliza kwa nini.