Kadi ya Kifaru Niliyoinusa Kwanza

Enzi zetu pale Kangemi, tajiri alikuwa mtoto mwenye kadi. Nazungumzia zile picha za wanyama zilizokuja ndani ya pakiti za majani chai, na asinitokee mtu hapa kusema zilikuwa takataka. Mama alifanya kazi ya nyumbani huko Loresho, kwa watu waliokunywa chai kutwa, na kila Jumamosi alirudi na kadi moja au mbili amezifunga kwenye pindo la leso. Nilipofika darasa la nne nilikuwa nazo thelathini na moja. Nilimkosa kifaru tu.

Basi akatokea Wafula wa Uthiru, tuliyesoma naye, mdomo mtamu ajabu. Wakati wa mapumziko akatoa kifaru mfukoni. "Hii iko moja tu Nairobi mzima, hakuna ingine! Kuna mzungu huko mjini anataka kunipea baiskeli." Akataka zangu zote kwa hiyo moja. Zote! Wenzangu wakanisukuma, "Mpatie, Nafula, utajuta." Nami nilishazitoa, maana kifaru nilikuwa namwota.

Hapo nikamkumbuka mama. Kila tulipompita muuza dawa za miujiza akipiga kelele sokoni, alinivuta mkono akisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamwambia Wafula, "Lete ninuse kwanza."

Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chetu. Kadi halali hunukia majani, hata ikae mwaka mzima. Ile ilinukia sabuni. Nikapitisha ukucha pembeni, kifaru akabanduka: picha ya kalenda, imegandishwa kwa uji kwenye kipande cha boksi la sabuni. Uwanja mzima ulicheka. Wafula, bila haya, akauliza, "Lakini si ni kifaru?"

Kifaru halisi sijampata hadi leo, wala sijutii.

Juzi mjukuu wangu, anayeniita Kukhu, yaani bibi, alinionyesha kadi ya mchezaji wa mpira anayouziwa kwenye simu, ati iko moja tu duniani. Nikamwambia alete ninuse. "Kukhu, si hii ni simu!" Nikamfungulia mkebe wangu, zote thelathini na moja. Harufu ya majani ilishakwisha zamani, na mama hayupo, lakini mtoto aliinamisha pua, akazinusa moja moja. Kisha akaniuliza taratibu, "Kukhu, na hii ya simu nitaijuaje?"

Watoto wa siku hizi wana kila kitu ila pua. Huyu wangu nimemrithisha ya mama.